Elasmotherium, kifaru mkubwa wa nyika za Siberia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha ya mnyama huyu ikisambaa mitandaoni, maswali huwa ni yale yale: pembe yake ilikuwa na urefu gani, aliishi na binadamu, ndiye babu wa vifaru wetu? Nimeyakusanya hapa. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Ya meno, ya pembe na ya ukoo yanataka subira kidogo. Niseme mapema ninaposimama: tunaishangaa mno pembe ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiokota, huku tukiyapita meno, ambayo yapo, yanashikika, na ndiyo yanayoeleza alivyoishi na kwa nini alitoweka.

Elasmotherium ni mnyama gani hasa?

Ni jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo, ya vifaru waliotoweka. Wamo katika familia ya Rhinocerotidae, ile ile ya kifaru mweusi na kifaru mweupe, ndani ya oda ya Perissodactyla ambamo pia wamo farasi, punda milia na tapiri. Waliishi Ulaya ya Mashariki na Asia, hasa kusini mwa Urusi, Kazakhstan na kaskazini mwa Uchina. Spishi inayojulikana zaidi, na iliyokuwa ya mwisho kuishi, ni *Elasmotherium sibiricum*. Mifupa ya jenasi hii haijapatikana Afrika. Ndugu zake wa mbali walikuwepo huku kwetu, na nitawafikia.

Aligunduliwa vipi?

Kwa taya moja. Mwaka 1807 Yekaterina Dashkova, mwanamke wa ukoo wa kifahari aliyewahi kuongoza Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, alikipa Chuo Kikuu cha Moscow mkusanyo wake wa vitu vya asili. Ndani yake mlikuwa na taya la chini, upande wa kushoto, likiwa bado na meno manne ya kusagia. Gotthelf Fischer von Waldheim alilieleza mbele ya Jumuiya ya Wanaasili ya Moscow mwaka 1808, akachapisha maelezo yake mwaka 1809. Jina alilolitunga linatokana na neno la Kigiriki la bamba, kwa sababu ya matabaka aliyoyaona kwenye meno yale.

Taya peke yake halitoshi kumtambulisha mnyama mzima, na kwa miongo kadhaa watu walifanya kazi na vipande vipande. Mwaka 1853 Georges Louis Duvernoy, mjini Paris, alieleza kipande cha fuvu akakipa jina la jenasi mpya, *Stereoceros*. Baadaye ikabainika kwamba ni mnyama yule yule wa Moscow. Katika sheria za kutaja majina ya viumbe, jina lililotangulia ndilo linalobaki, kwa hiyo *Stereoceros* likafutwa na *Elasmotherium* likaendelea. Fuvu zuri lilipatikana kando ya mto Volga karibu na Sarepta, na Johann Friedrich von Brandt akalichapishia maelezo marefu mwaka 1878. Kuanzia hapo haikuwa rahisi tena kubisha kwamba huyu ni kifaru, tena kifaru wa namna yake.

Alikuwa na ukubwa gani?

Makadirio mengi humweka kati ya tani 3.5 na 5. Kifaru mweupe dume, ambaye ndiye mkubwa kuliko vifaru wote waliopo leo, mara nyingi huwa na tani 2 na ushei. Begani alikuwa na zaidi ya mita 2. Juu ya mabega palikuwa na nundu: miiba ya pingili za mgongo wake ilipanda zaidi ya nusu mita, na hapo ndipo ilipojishika misuli na kano za kubeba kichwa kizito kilichoinamishwa kuelekea ardhini. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko unavyotarajia kwa mwili wa kiasi kile.

Kwa nini wataalamu wanayasifu sana meno yake?

Kwa sababu hakuna kifaru mwingine aliyefika mbali kiasi hicho katika meno.

Chukua gego moja la *E. sibiricum* aliyekomaa. Ni mche mrefu, na chini hukuti mizizi iliyofunga kama ya gego lako au langu. Pako wazi, maana jino liliendelea kuota kutoka chini kadiri lilivyolika juu. Sasa ligeuze utazame upande wa kusagia. Utaona utepe mwembamba wa enameli, ganda gumu la jino, unaozunguka jino kwa mikunjo midogo midogo, unaingia ndani, unatoka, unajipinda tena, hata ukiufuata kwa ncha ya kalamu unapoteza njia. Ndani ya utepe kuna dentini, ile sehemu ya ndani ya jino, nje yake kuna simenti ya jino iliyojaza kila uwazi. Enameli ni ngumu kuliko vyote viwili. Dentini na simenti zinapolika, enameli hubaki imeinuka, na uso wa jino haupati nafasi ya kuwa laini. Ni jiwe la kusagia linalojichonga lenyewe kila linaposaga.

Meno ya mbele hakuwa nayo, wala chonge. Kila upande wa kila taya alikuwa na magego madogo mawili na makubwa matatu, yaani meno 20 kinywani kote. Majani aliyachuma kwa midomo.

Linganisha na vifaru tunaowafahamu. Kifaru mweusi wa Ngorongoro hula matawi na majani ya vichaka, anayavuta kwa mdomo wake wa juu uliochongoka, na magego yake ni mafupi. Kifaru mweupe hula nyasi, mdomo wake ni mpana, magego yake ni marefu zaidi, lakini yana mizizi na yana mwisho. Elasmotherium aliendeleza njia hiyo ya nyasi hadi ukomo wake. Nyasi zina silika, madini magumu kama ya mchanga, yanayokwangua jino, na nyasi za nyika kavu huwa zimejaa vumbi juu yake. Mnyama anayekula mchanga pamoja na chakula miaka yote ya maisha yake anahitaji jino lisiloisha. Farasi walielekea upande huo huo wa meno marefu, lakini kwa njia yao wenyewe.

Je, kweli alikuwa na pembe ya mita mbili?

Hakuna anayeweza kukuonyesha ushahidi wa hilo. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani yake kama ya ng'ombe. Ni keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele, na mnyama akifa huoza. Kifaru mwenye manyoya, *Coelodonta*, tunazo pembe zake halisi kwa sababu baadhi ya mizoga yake iliganda katika ardhi yenye barafu ya kaskazini mwa Siberia. Elasmotherium aliishi kusini zaidi, katika nyika ambako ardhi haikumhifadhi hivyo.

Tulicho nacho ni mahali pembe ilipodhaniwa kukaa. Katikati ya paji la uso la *E. sibiricum* kuna kuba la mfupa, mzunguko wake chini ni karibu sentimita 90. Uso wa kuba hilo una mashimo na mifereji, alama za mishipa mingi ya damu iliyolisha ngozi au keratini iliyokuwa juu yake. Brandt na waliomfuata waliona ukubwa wa kuba, wakahesabu pembe ya kulingana nalo, wakapata mkuki mrefu. Michoro mingi unayoiona leo imerithi hesabu hiyo.

Mwaka 2021 V. V. Titov, V. S. Baigusheva na R. S. Uchytel walichapisha ujenzi mpya wa kichwa chake kwa kutumia fuvu lililohifadhiwa vizuri. Walisisitiza kwamba kuba lile limejaa uwazi ndani na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo halielekei kuwa msingi wa pembe nzito na ndefu. Walipendekeza kifuniko cha keratini au pembe fupi juu ya kuba, na kwamba uwazi ule huenda ulisaidia kukuza sauti.

Kwangu mimi hoja yao ina nguvu. Kuta nyembamba juu ya uwazi si mahali pa kubebesha mzigo mrefu unaopigwapigwa. Lakini hata wao wanajenga juu ya mfupa. Keratini yenyewe haipo. Ukimwona mchoraji amempa pembe fupi, usimlaumu. Aliyempa pembe ya mita mbili ndiye anayedaiwa maelezo.

Katika ukoo wa vifaru, anawekwa wapi?

Vifaru watano waliopo leo, yaani mweusi, mweupe, wa India, wa Java na wa Sumatra, wote wamo katika nusufamilia ya Rhinocerotinae. Elasmotherium yumo katika tawi la pili, Elasmotheriinae. Tawi hilo lilikuwa na jenasi nyingi kuanzia Miosini, zama za kijiolojia za kati ya miaka milioni 23 na 5 hivi iliyopita, likapungua, na Elasmotherium ndiye aliyebaki peke yake hadi mwisho. Alipotoweka, tawi zima lilikatika.

Si wote wanaotumia cheo cha nusufamilia. Pierre-Olivier Antoine, ambaye mwaka 2002 alichapisha kazi kubwa kuhusu kundi hili, alilishusha cheo akaliita Elasmotheriina, kundi dogo ndani ya kabila, cheo kilicho chini ya nusufamilia. Wengine wamelifanya kabila, Elasmotheriini. Kwa msomaji wa kawaida tofauti hizo za miisho ya majina hazibadilishi sana picha, ila ujue kwamba ukikutana na Elasmotheriinae, Elasmotheriini na Elasmotheriina katika maandiko matatu, pengine yanazungumzia wanyama wale wale.

Ubishi wa kweli ni nani aingie na nani abaki nje. Jenasi za zamani za Amerika Kaskazini, kama *Menoceras* na *Diceratherium*, zimewahi kuwekwa ndani na baadhi ya watafiti na kutolewa na wengine. Tatizo ni kwamba alama nyingi zinazotumika kuwaunganisha ni za meno, na meno marefu yenye mikunjo hujitokeza kwa kila anayehamia kwenye nyasi. Wanyama wawili wanaweza kufanana meno kwa sababu walikula chakula kimoja, bila kuwa wa nyumba moja. Hapa nayavua meno cheo nilichoyapa juu: kwa maisha ya mnyama ni shahidi wa kwanza, kwa ukoo wake ni shahidi wa kuhojiwa sana.

Pembe ilihamaje kutoka puani hadi kwenye paji la uso?

Hili ni miongoni mwa mambo yanayonivutia zaidi katika historia ya tawi hili, kwa sababu safari ile inaonekana kwenye mifupa.

*Iranotherium*, aliyejulikana kwanza kutokana na visukuku vya Maragheh nchini Iran, alikuwa na pembe kubwa juu ya pua, mahali pa kawaida kwa kifaru. Elasmotherium anayo kwenye paji la uso. Katikati yao anasimama *Sinotherium* wa Uchina, aliyeishi kama miaka milioni 7 iliyopita. Mwaka 2013 Deng Tao na wenzake walieleza fuvu lake kutoka bonde la Linxia: lina kuba kubwa la pembe kati ya pua na paji la uso, lililosogea nyuma, na kwenye paji kuna kituo kingine kidogo cha pembe kilichoungana nalo. Yaani pua inaachwa na paji linachukuliwa, na fuvu hilo limenaswa katikati ya zoezi. Ndiyo sababu *Sinotherium* huhesabiwa kuwa jirani wa karibu kabisa wa Elasmotherium.

Kwa hiyo si babu wa vifaru wa Afrika?

Hapana. Ni tawi la pembeni, na hakuna kifaru aliye hai anayetokana nalo. Kifaru mweusi ni ndugu wa karibu zaidi wa kifaru wa Sumatra kuliko wa Elasmotherium.

Matawi hayo mawili yaliachana lini? Kila makala inatoa tarehe yake.

Ni kweli, na tarehe hizo zinatofautiana kwa mamilioni ya miaka.

Mwaka 2019 Pavel Kosintsev na wenzake, katika jarida la *Nature Ecology & Evolution*, walichapisha DNA ya Elasmotherium kwa mara ya kwanza. Ilithibitisha kwamba tawi lake limesimama pembeni ya vifaru wote wa leo, na makadirio yao yakapeleka utengano huo nyuma zaidi ya miaka milioni 40. Mwaka 2021 utafiti mwingine uliotumia jenomu za vifaru walio hai na waliotoweka, katika jarida la *Cell*, ukaishusha hadi karibu miaka milioni 36. Kisha mwaka 2025 kundi jingine lilisoma protini zilizohifadhiwa katika enameli ya jino la kifaru aliyepatikana katika kreta ya Haughton, kaskazini ya mbali ya Kanada, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 20. DNA haiwezi kudumu muda huo. Protini za enameli zimeweza. Hesabu yao iliweka utengano wa matawi mawili kati ya miaka milioni 34 na 22 iliyopita.

Tofauti inatoka wapi? DNA na protini hukupa kiasi cha mabadiliko, hazikupi miaka. Ili kupata miaka lazima ufunge saa hiyo kwa visukuku ambavyo umri wake unajulikana, na kila kundi huchagua visukuku vyake. Ukimwingiza kifaru wa zamani sana kama yule wa Kanada, saa inafungwa upya.

Mpangilio wa matawi umekubaliana katika kazi zote tatu, na huo ndio ninaouamini. Kuhusu tarehe, naegemea zile za karibu zaidi, kwa sababu visukuku visivyo na ubishi vya tawi la Elasmotheriinae vinaanza kuonekana katika Miosini. Tawi lililojificha kwa miaka milioni 20 bila kuacha jino hata moja linahitaji maelezo mazito.

Jenasi hii ina spishi ngapi?

Tano zinatajwa zaidi. *E. primigenium* ilielezwa mwaka 2021 kutoka Uchina na ndiyo ya zamani kuliko zote. *E. chaprovicum*, iliyopewa jina na Shvyreva mwaka 2004, inatoka kusini mwa Urusi. *E. peii* ni ya Uchina, jina la mwaka 1958. *E. caucasicum* ilitajwa na Borissiak mwaka 1914 na huhesabiwa kuwa kubwa kuliko zote. Rasi ya Taman, upande wa bahari ya Azov, imetoa mifupa yake kwa wingi. Ya mwisho ni *E. sibiricum*.

Majina mengine utakayokutana nayo katika vitabu vya karne ya 19, kama *E. fischeri*, mengi yamekunjwa ndani ya *E. sibiricum*. Taya, fuvu na jino vilipata majina tofauti kabla mtu hajaviweka pamoja.

Je, ana ndugu waliopatikana Afrika Mashariki?

Wapo, na inasikitisha kwamba watu wanaojua jina la mnyama wa Siberia mara nyingi hawajawahi kusikia habari zao.

Kisiwa cha Maboko kimo ndani ya ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Matabaka yake ya Miosini ya kati, kama miaka milioni 15 iliyopita, yametoa fuvu karibu zima la kifaru ambaye Denis Geraads, Monte McCrossin na Brenda Benefit walimpa jina *Victoriaceros kenyensis* mwaka 2012. Alikuwa na pembe kubwa puani na mifupa ya mashavu iliyotanuka mno. Wakamweka katika Elasmotheriinae. Mwaka 2016 spishi ya pili, *Victoriaceros hooijeri*, ilitajwa kutoka Karungu, pia magharibi mwa Kenya, katika matabaka ya zamani zaidi. Jina hilo la pili linamkumbuka Dirk Albert Hooijer, Mholanzi aliyefanya kazi kubwa ya kuwaeleza vifaru wa kale wa Afrika.

Uganda nayo ina *Ougandatherium napakense*, aliyetajwa na Claude Guérin na Martin Pickford mwaka 2003 kutokana na visukuku vya Napak, Karamoja, vya Miosini ya mwanzo. Waliomtaja walimwona kuwa wa zamani kuliko wote wa kundi hili katika Afrika. Na kutoka Nakali, Kenya, kuna *Kenyatherium bishopi*, aliyepewa jina mwaka 1974 kwa ushahidi wa meno, wa Miosini ya mwisho. Baada yake kundi hili halionekani tena katika visukuku vya Afrika, huku Asia likiendelea.

Tanzania ina historia yake tofauti: vifaru wa Laetoli na Olduvai ni wa upande wa kifaru mweupe na kifaru mweusi, yaani Rhinocerotinae. Usiwachanganye na hawa.

Kama nilivyosema kuhusu meno, si kila mtaalamu anakubali kila mmoja wa wanyama hawa awe ndani ya tawi. Lakini hoja haiko Moscow na Beijing peke yake. Sehemu yake iko Kisumu na Moroto.

Ni sawa na kifaru mwenye manyoya?

La. Kifaru mwenye manyoya ni *Coelodonta antiquitatis*, mdogo zaidi, mwenye pembe mbili, ndugu wa karibu wa kifaru wa Sumatra. Waliishi zama moja na maeneo yao yaligusana. Na *Paraceratherium*, yule jitu mwenye shingo ndefu, ni wa zamani zaidi sana, wa Oligosini, zama zilizotangulia Miosini, hakuwa na pembe, na kwa kawaida huwekwa katika familia nyingine karibu na vifaru.

Alitoweka lini?

Kwa muda mrefu vitabu vilisema alikwisha miaka 200,000 iliyopita. Mwaka 2016 zikaenea habari za fuvu kutoka Kozhamzhar, mkoa wa Pavlodar nchini Kazakhstan, lililopimwa na kupewa umri wa miaka 29,000. Vichwa vya habari vikaichukua namba hiyo na mpaka leo inazunguka.

Kosintsev na wenzake walikusanya sampuli nyingi za mifupa, wakasafisha kolajeni, protini ya mfupa, kwa makini kabla ya kupima kaboni, maana uchafu kidogo wa kaboni mpya hufanya mfupa mkongwe uonekane kijana. Matokeo yao: *E. sibiricum* aliishi hadi angalau miaka 39,000 iliyopita. Tarehe ile ya 29,000 hawakuiona kuwa ya kutegemewa. Nakushauri utumie 39,000, na ukiikuta 29,000 ujue imetoka wapi.

Kwa nini alitoweka?

Hapa meno yanarudi kutoa ushahidi. Pamoja nayo, isotopu (aina za atomu zinazotofautiana uzito) za kaboni na nitrojeni katika mifupa yake zinaonyesha mlaji wa mimea ya nyika kavu, lishe iliyokaribia ile ya swala saiga wa zama zile. Kipindi cha miaka 40,000 hivi iliyopita hali ya hewa ya Eurasia iliyumba, baridi ikazidi, na nyika za nyasi zikabadilika mimea. Saiga alibadili chakula. Isotopu zake za baadaye zinaonyesha hivyo, na yupo mpaka leo Kazakhstan. Kifaru wetu hakubadili. Mwili wa tani nne, uzazi wa polepole kama wa vifaru wote, na kinywa kilichotengenezwa kwa kazi moja tu: nyasi zilipopungua hakuwa na pa kukimbilia.

Binadamu? Walikuwa wamekwisha kuingia Eurasia wakati huo, na Waneanderthali walikuwa bado hawajaisha. Lakini hakuna ushahidi kwamba waliwinda Elasmotherium. Naona si haki kuwabebesha mzigo huu kwa mazoea tu, kwa sababu wanyama wengine wakubwa waliangukia mikononi mwao.

Ndiye aliyezaa hadithi za farasi mwenye pembe moja?

Wengi wangependa iwe hivyo. Hutajwa mchoro wa kifaru katika pango la Rouffignac, Ufaransa, ambao baadhi ya watu wameusoma kuwa Elasmotherium, lakini mifupa yake inayojulikana inaishia mbali mashariki ya hapo. Hutajwa pia Ibn Fadhlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad aliyefika kwa Wabulgari wa Volga mwaka 922. Aliandika habari za mnyama mkubwa mwenye pembe moja kichwani, na alizipata kwa watu wa nchi ile ile ambamo mifupa ya Elasmotherium huchimbuliwa. Kati ya yeye na kifaru wa mwisho tunayemjua kuna zaidi ya miaka 37,000. Kumbukumbu ya mdomo kudumu muda huo haiaminiki. Kwamba wakulima na wavuvi waliokota mafuvu na kuyatungia maelezo, hilo lingewezekana bila mnyama hai.

Anaweza kurudishwa kwa DNA?

Hapana. DNA iliyopatikana imekatikakatika, na hakuna kifaru hai aliye karibu naye kiasi cha kubeba mimba ya namna hiyo. Wanasayansi wa uzazi wana kazi ngumu ya kutosha na majike wawili wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini walioko Ol Pejeta, Kenya.

Naweza kuona wapi mabaki yake?

Makumbusho ya Stavropol, kusini mwa Urusi, yana mifupa ya *E. caucasicum* iliyosimamishwa. Makumbusho ya Paleontolojia ya Moscow yana mabaki ya jenasi hii, na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yana fuvu la *E. sibiricum*. Mwanafunzi aliyeko Kenya anayetaka kuingia katika utafiti wa tawi hili hahitaji kuanza kwa safari hizo: visukuku vya Maboko viko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na swali la kama *Victoriaceros* ni wa Elasmotheriinae au la bado linahitaji watu wa kulishughulikia.